Sifa Tano kwa Siku

Dada Geum-sil,

Kabichi yako chachu ya kimchi imefika, ila ndoo ilivuja kidogo. Binti yetu Seo-yul bado hatulii darasani. Mama mkwe asijue.

Daktari alinipa programu ya simu ya kutusaidia wazazi kama mimi. Kila jioni inauliza nimemsifu mtoto mara ngapi. Kutwa namfokea, "We mtoto, husikilizi!", kisha nabonyeza tano. Mwongo mkubwa mimi! Jana ikanipongeza: siku thelathini mfululizo.

Seo-yul akaichungulia. Nikangoja aniumbue.

"Mama, sifa zote hizi ulinipa mimi?"

Nikaizima simu.

"Samahani, Mama. Labda nilikuwa sisikilizi."

Dada, mpaka sasa sijamjibu.

Mdogo wako,
Mi-ryeong