Kwa Mama Vifungo, Aliyejipima Shingo Mwenyewe

Mwaka mzima umekatika, Mama Vifungo, tangu cherehani yako inyamaze, na hasira bado haijatutoka. Wengine huandika kwa machozi tu. Sisi wa kwako unatujua.

Ulikuwa fundi wa kola. Shati la mtu likimkaba analeta kwako, nawe unamtania: "Shingo haidanganyi, bwana, umenenepa." Malengelenge yalipoanza kukutoka, kwanza mdomoni kisha mgongoni na mapajani, ulishona umesimama kwa sababu kiti kilikubandua ngozi. Sare za shule ulizimaliza kwa wakati hivyo hivyo.

Dawa zikaituliza ngozi. Hapo ndipo ukaanza kuhisi baridi mchana wa jua kali, sauti ikakwaruza, ukawa unasinzia na sindano mkononi. Mumeo akasema ni dawa hizo. Mimi dada yako mkubwa nikasema unajidekeza. Nililisema mbele ya wateja wako, nawe ukainama ukaendelea kutia uzi.

Kumbe ulikuwa unajipima. Ukurasa wa mwisho wa daftari la vipimo umeandika "Mimi, shingo": inchi kumi na tatu, kumi na tatu na nusu, kumi na nne na nusu. Ulilipeleka daftari kliniki ya ngozi. Daktari hakulitazama. "Mama, hapa tunatibu ngozi. Shingo kaonyeshe kwingine." Ulirudi ukicheka, eti umefukuzwa kwa sababu ya shingo yako.

Siku tatu kabla hujatutoka, ukiwa umeshalazwa hospitali, daktari wa wodini alikugusa shingo mara moja tu, akaagiza damu ipimwe. Tezi ya shingoni ilikuwa imeacha kazi kabisa, na mwili ulishachelewa kuokolewa. Akatueleza kwamba kinga ya mwili iliyogeuka ikaishambulia ngozi yako, ndiyo iliyoishambulia na tezi. Maradhi haya mara nyingine hufuatana. Kipimo chake ni kichupa cha damu, dawa yake kidonge cha kila asubuhi. Kichupa kimoja, jamani, na wewe miezi minane unasema.

Msibani kuna waliosema sikio la kufa halisikii dawa. Waongo hao. Wewe ulisikia, viziwi tulikuwa sisi.

Mwezi wa tatu mdogo wetu naye alitokwa na malengelenge mdomoni. Alikwenda kliniki ile ile, daftari lako kwapani. Akaambiwa hapa ni ngozi. Akaufungua ukurasa wako juu ya meza ya daktari, akakaa. "Huyu alikuwa dada yangu. Sitoki mpaka nipimwe." Akapimwa. Tezi yake imeshaanza kuchoka, lakini kidonge anameza na kazini anakwenda. Kila Jumamosi namzungushia tepu yako shingoni, naandika chini ya vipimo vyako. Bado ni kumi na tatu.

Unakumbukwa na mama, mumeo fundi viatu, wanao wawili, mdogo wako, na mimi dada yako, ninayesema hapa wateja wako wote wasome: hukuwa unajidekeza. Hatutakusahau maisha yetu yote.