Kitanda cha Koko Angèle

Kisangani, Jumapili tarehe 12 Novemba 2000

Kwako dada yangu, Yaya Virginie,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima huko Butembo, wewe na shemeji na mtoto wenu Élie. Je, meno yake yameota? Na kikohozi chako kimekuacha? Sisi huku tunaendelea. Papa anapiga chafya kwa vumbi la depo ya duka lake, Mama analalamika mgongo, lakini wote wanakula vizuri. Tonton Clovis atapanda ndege kuja huko kesho asubuhi, na ametangaza kwamba barua isiyofika mikononi mwake kabla ya giza itabaki Kisangani. Kwa hiyo naandika mbio, unisamehe mwandiko. Nimeshainuka kwenye kiti mara tatu, mara moja kwenda kutazama sufuria ambayo hata haikuwa motoni.

Duka la Papa limepata mabati mapya upande ule uliopigwa na bomu. Umeme wa Tshopo unakuja na kwenda. Shuleni tunasoma mchana, kwa zamu, kwa sababu madarasa manne bado hayana paa. Asubuhi niko kwenye ile nyumba ya parokia niliyokueleza, wanapohudumiwa majeruhi na wazee waliobaki bila watu tangu zile siku sita za mwezi wa sita. Vitanda ni kumi na vinne, muuguzi ni mmoja tu, Mama Odile, na sisi wasaidizi ni watano.

Nilikuandikia kwamba Mama Odile amenipa kazi ya kuwafundisha wenzangu. Alinichagua kwa sababu mimi peke yangu nilikisoma hadi mwisho kile kitabu cha uuguzi cha Kifaransa. Nigawe vitanda, nioneshe namna ya kumgeuza mgonjwa na kuosha kidonda, na kila Jumamosi nimwandikie ripoti ya kila msaidizi. Nilikuuliza wewe, unayeongoza wauguzi wenzako, mtu anawarekebishaje watu wanaomzidi umri. Ulinijibu kwamba kwanza nimwangalie mtu akifanya kazi, halafu nimuulize, na kusema kwangu kuje mwisho. Nilipiga mstari chini ya maneno yako kwa kalamu nyekundu. Halafu nilifanya vingine kabisa.

Unanijua, Yaya. Kusimama mbele ya watu kunanikausha mate. Nikaona nikishika kitabu mkononi, sauti itakuwa ya kitabu na si yangu. Kila asubuhi niliwasomea ukurasa mmoja, nikiutafsiri. Papa Asumani, mzee kati yetu wasaidizi, aliyekuwa mpakizi wa mizigo bandarini kabla meli hazijaacha kuja, aliniita Mamzeli Kitabu. Alikuwa akiuliza kwa sauti kubwa kama kwenye ukurasa wa leo kuna lituma ya ndizi na samaki, maana kwenye ule wa jana aliona sabuni tu. Fortunée, msaidizi mwenzetu, alicheka hadi akashika ukuta. Mimi niliendelea kusoma, masikio yanawaka.

Msaidizi mwingine anaitwa Alfani, mtu wa Banalia, ana miaka kama thelathini. Hasemi sana. Ndiye aliyekuwa akichota maji mengi kuliko wote na kutwanga ndizi za wagonjwa. Nilimpa vitanda vitatu, na kimoja ni cha Koko Angèle, bibi wa Yanonge aliyeingiwa na kipande cha bomu kwenye paja. Kidonda kile kinatakiwa kuoshwa kila siku. Siku ileile Alfani alinifuata kwenye mapipa ya maji akaniomba nimbadilishie kitanda hicho. Alisema nimpe vingine hata viwili mahali pake, hata vile vya wanaume wanaojichafua, atafanya bila maneno. Nilimjibu kwamba kitabu kinasema mwili wa mgonjwa ni mwili tu, na kwamba kazi haichaguliwi. Akaangalia ndoo yake, akasema sawa, mwalimu.

Wiki mbili zilipita vizuri. Kwenye daftari Alfani alitia alama yake kila siku: ameosha. Halafu Fortunée akashikwa na malaria, akakosa siku nne. Siku ya nne, Jumatano, nilipita karibu na Koko Angèle nikasikia harufu. Nilifungua bendeji. Sitakuandikia nilichokiona, wewe unakijua kwa kazi yako. Kwenye daftari alama zilikuwepo, zote nne.

Nilimwita Alfani mbele ya wote. Nilifungua ukurasa wa vidonda nikamsomea, mstari kwa mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikamwambia kwamba mvivu tunaweza kumvumilia, lakini mwongo anaua watu. Hata mimi nilijistaajabia, sauti haikutetemeka. Papa Asumani alijaribu kutia mzaha, akasema, «Mamzeli, acha mutu apumue, hata padiri anapumuzika kati ya dhambi mbili.» Hakuna aliyecheka. Alfani alisimama mikono nyuma. Jumamosi ya juma lililopita nilitoa ripoti, na Mama Odile akamwondoa. Hana tena ule mgao wa mchele na mafuta. Mbaya zaidi, mtaani wanasema ni yule aliyemwacha bibi aoze.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniinua kwenye kiti.

Alhamisi ile, siku moja baada ya kumsomea Alfani ukurasa, nilimwosha Koko Angèle mwenyewe. Alinishika kifundo cha mkono akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni mimi niliyempanga Alfani kwenye kitanda chake. Nikasema ndiyo. Akafunika uso kwa kanga. Akanieleza kwamba Alfani ni bokilo yake. Alimwoa binti yake Nyota, na Nyota alikufa mwezi wa sita, siku ya pili ya mabomu. Ni Alfani aliyemleta hapa mama mkwe wake juu ya mkokoteni, amemfunika shuka mwili mzima, naye anavuta bila kugeuka nyuma. Alikuja kusaidia kwetu ili awe karibu naye. Chakula chake alikitwanga yeye, akakiacha mlangoni ili mwingine akiingize. Kidonda alimwomba Fortunée akioshe kwa siri, naye Alfani akamsaidia kazi zake. Fortunée alipougua, hakujua amwombe nani. Kuniomba mimi alikuwa ameshajaribu. Na kusema mbele yetu kwamba yule ni mama mkwe wake, na paja lake linajadiliwa hivyo, ingekuwa kumvua nguo mara ya pili.

Yaya, sisi ni watu gani tusiojua kwamba mtu haugusi mwili wa mama mkwe wake? Shemeji mwenyewe akija kwetu hazunguki kupitia jikoni kama Mama yuko huko. Sikuhitaji kitabu. Nilihitaji kumuuliza Alfani neno moja pale kwenye mapipa: kwa nini?

Na hili ndilo ambalo sijamwambia mtu. Nililijua siku ya Alhamisi. Ripoti niliitoa Jumamosi. Nilikuwa na siku mbili nzima. Nilikaa nayo mezani, nikaona kwamba nikiandika ukweli, Mama Odile ataona mtoto aliyepewa kazi ya watu wazima akashindwa, na ataninyang'anya kitabu. Nikaandika «mvivu na mwongo», nikaweka saini yangu nzuri. Alitia alama za uongo, ndiyo. Lakini uongo wangu ulikuwa na saini.

Naacha hapa. Nakwenda kwa Mama Odile sasa hivi, kabla miguu haijabadili mawazo.

Nimerudi, saa kumi na moja. Mama Odile alinisikiliza akiwa anakunja bendeji, hakuacha kukunja. Alisema kesho nitayarudia maneno hayohayo mbele ya wote, bila kitabu mkononi, na kwamba kazi ya kufundisha itabaki yangu mpaka nijifunze. Sikutegemea hilo. Afadhali angenifukuza, ingekuwa rahisi.

Halafu nilipanda baiskeli ya toleka hadi ng'ambo ya daraja la Tshopo. Nilimkuta Alfani anatengeneza tairi ya baiskeli ya jirani. Nilisema yote nikiangalia ile tairi. Hakunitukana. Alikaza nati moja, kisha akauliza ni nani anayemwosha mama sasa. Nikasema mimi. Akauliza kama nayapasha maji moto. Nikasema hapana. Akaniambia mama anaogopa maji baridi, kwamba nianzie mguu na si paja, na kwamba nikimtajia soko la samaki la Yanonge ataongea mwenyewe na hatasikia maumivu. Hayo yote aliyajua kwa kusimama nyuma ya mlango. Nikamuuliza, na nini tena? Akaendelea kunieleza, na mimi, kwa mara ya kwanza, sikuwa nimeshika karatasi yoyote.

Hakusema kama atarudi. Mama Odile ameruhusu, na jina lake nimeliandika tena kwenye orodha ya kesho. Mahali pa vitanda nimepaacha wazi, achague mwenyewe.

Tonton Clovis anapiga honi ya pikipiki nje. Mpige Élie busu kwenye mashavu yote mawili, umsalimie shemeji kwa heshima, na mama mkwe wako pia. Papa na Mama wanawakumbuka kila jioni mezani. Niombee kesho saa moja asubuhi, nikisimama.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Kyakimwa