Utasimama Juu ya Nini?

Mzee Okelo,

Juzi nilinunua begi lenye magurudumu. Ndiyo, lile ulilolikataa, au tuseme ndugu yake. Liko hapa studio juu ya benchi la wateja, limesimama wima kama mtu anayesubiri picha ya kitambulisho. Ungekuwepo ungesonya, ungechukua kofia yako na kutoka nje kupiga soga na fundi wa viatu mpaka hasira ziishe. Basi leo zamu ya hasira ni yangu, na wewe huna mlango wa kutokea.

Nimekukasirikia, Mzee. Watu wanakuja kunipa pole, wananiambia nishukuru kwa miaka saba uliyonifundisha kazi. Nashukuru. Wakishaondoka naingia chumba cha giza, navuta pazia, napiga ukuta ngumi mpaka vidole vinauma.

Miezi minne imepita tangu tukuzike kwenu Kombewa. Magugu yameziba ziwa mpaka gatini, ukisimama pale unaona majani tu na ndege wanatembea juu yake. Huko mtaa wa juu wameleta mashine ya kusafisha picha za rangi: unaacha filamu, unakwenda kunywa chai, ukirudi picha ziko tayari. Najua ungeitukana. Kibao cha studio bado kina jina lako, sijakigusa. Mteja anaingia, ananikuta nimeshika kamera, filamu imening'inia shingoni, halafu ananiuliza, "Japicha yuko?" Nikimwambia japicha ni mimi anachungulia nyuma ya pazia, kana kwamba nimekuficha huko.

Kwao mpiga picha ni mtu mrefu mwenye sanduku begani. Kutoka Mamboleo mpaka Luanda Kotieno watu walilijua lile sanduku kabla hawajakujua wewe. Mbao nzito, pembe za bati, mkanda wa ngozi uliokula shati lako begani, na kifuniko chenye vipande viwili vya mpira wa tairi vilivyopigiliwa misumari. Ndani yake nini? Kamera mbili, flashi, mikebe ya filamu na taulo kuukuu la kuzuia visigongane. Vitu hivyo vyote pamoja havikufika uzito wa zile mbao. Nilikuambia hivyo mwaka wangu wa kwanza, na mwaka wa pili, na kila mwaka.

Hukuniachia nilibebe hata hatua kumi. Mimi nilipewa stendi ya kamera na mwavuli. "Ukifika umechoka mkono utatetemeka," ulikuwa unasema, "na mkono ukitetemeka, watu wanatoka na nyuso mbili." Nikikuuliza mkono wako wewe je, unacheka.

Nikubali pia kwamba tulifanya kazi vizuri. Kwenye matanga wewe ulikaa mbele na familia, ukiwapanga kando ya jeneza, ukimwambia mjane ainue uso kidogo, kwa sauti ambayo hukuitumia popote pengine. Ukimaliza unaweka sanduku chini, unafuta kifuniko kwa mkono wa shati, unaniambia, "Panda." Napanda. Napiga umati wote, mpaka wazee walioko nyuma kabisa kwenye ua wa miba. Bila sanduku mimi naona migongo ya makoti. Urefu wangu ni wa mtoto wa darasa la sita, na kuchekwa kwa hilo nilishazoea, isipokuwa nikichekwa na wewe.

Sasa nifike kwenye siku ile, maana ndiyo inayonifanya niandike.

Tulikuwa tunavuka kwenda kwenye harusi Mbita. Kutoka stejini pale Luanda Kotieno hadi kwenye feri ulisimama mara tatu. Ulisema unaangalia mwanga. Mwanga gani, Mzee, saa nne asubuhi, jua limewaka na wingu hakuna? Nikakuona unapumulia mdomo. Hapo akapita mgeni mmoja anavuta begi lake nyuma, magurudumu yanaimba kwenye kokoto. Alipofika mchangani akasukuma mkono wa begi ukaingia ndani, akatoa mikanda kwenye mfuko wa nyuma, akalivaa mgongoni, akaenda zake. Nikaona hiyo ndiyo akili. Nikakuambia tutafute begi kama lile pale Kibuye, kwa wauza mitumba, tuachane na hili jeneza la kamera.

Ukaniangalia kutoka juu mpaka chini, na safari haikuwa ndefu. "Na utasimama juu ya nini?"

Kina mama wa samaki waliokuwa wakisubiri feri wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akaweka karai chini. Nami damu ikanipanda, nikasema mbele yao wote, "Basi ufe nalo hilo sanduku lako."

Nimeliandika hapa kwa sababu sijalitamka tena mahali popote. Unajua kwetu neno kama hilo halisemwi kwa mtu mzima, hata kwa mzaha, na mimi sikuwa na mzaha. Yule wa karai akajitwika karai lake. Wewe ulilinyanyua sanduku, ukatangulia. Kwenye feri ukakata chapati yako katikati kama siku zote, ukaninyooshea nusu. Nikageuza uso nikaangalia maji. Ukaifunga ile nusu kwenye gazeti, ukaitia mfukoni.

Siku kumi na moja baadaye ulifungua studio asubuhi, ukaweka sanduku chini, ukakaa kwenye benchi hili hili, na hukuinuka. Nilikukuta mkanda bado uko begani.

Mkeo, Mama Dorka, aliniambia siku ya pili ya matanga, tukimenya viazi, yeye akidhani mimi pia najua. Akasema, "Si daktari alimkataza kubeba mizigo tangu Pasaka? Moyo umepanuka. Si alikuambia?" Hukuniambia. Mkeo alijua, fundi wa viatu alijua. Mimi niliyekuwa natembea nyuma yako nimeshika mwavuli sikujua. Ulifanya makusudi. Uliniacha nikutukane kwa kuwa mkaidi, kumbe ulikuwa mgonjwa. Ungesema neno moja ningelinyang'anya lile sanduku kwa nguvu, na hilo ulilijua, ndiyo maana hukusema.

Halafu nikaambiwa nipige picha za mazishi yako. Nani mwingine? Sanduku lilikuwa ndani kwa Mama Dorka na sikutaka kuliona. Nilitia kamera kwenye kiondo, nikaja. Watu walijaa bomani mpaka barabarani, waliotoka ng'ambo kwa feri, waliotoka Kisumu kwa lori. Unataka kujua nilipata nini? Migongo. Filamu nzima ya makoti, kofia na mwavuli mmoja mweusi. Jeneza lako limetoka mara moja, pembe yake tu, chini ya kwapa la mtu. Yule mama wa karai alikuwepo. Aliniangalia, nikaangalia chini. Mama Dorka ameniuliza picha mara mbili. Namwambia bado nazisafisha.

Hayo ndiyo niliyokwenda nayo Kibuye juzi. Nilisema nitachagua begi, na nitalichagua vizuri, ili nikuonyeshe kwamba ulikuwa umekosea. Mama Zuhura ndiye anayeuza mabegi pale, mwanamke wa maneno mengi na subira kidogo. La kwanza lilikuwa zuri kwa macho, lakini magurudumu yake madogo kama vifungo vya koti, kokoto moja tu likagoma. La pili zipu imefunguka meno kwenye kona. Vumbi la Seme lingeingia lote. La tatu ndilo hili. Nilikuwa nimeleta vyombo vyote nimevifunga kwenye leso. Nikavipanga ndani: kamera mbili, flashi, mikebe, na nafasi ikabaki ya kuzungushia sponji ya godoro. Nikaliburuta kwenye kokoto. Nikaliburuta kwenye matope kando ya mtaro, Mama Zuhura akipiga kelele kwamba namchafulia mali. Nikatoa mikanda, nikalivaa, nikavuta mpaka likakaa juu ya kiuno. Jepesi, Mzee. Nilikuwa tayari kukucheka.

Lakini nikaendelea kulibonyezabonyeza, na Mama Zuhura akachoka nami. "Dada, hili ni gumu. Simama juu yake uone."

Nikasimama. Begi likajikunja upande, nami nikaangukia kwenye rundo la majaketi. Soko zima lilicheka, nafikiri. Mimi nilikusikia wewe tu. Na utasimama juu ya nini.

Nililala pale kwenye majaketi nikikuona kichwani mwangu, matanga baada ya matanga, harusi baada ya harusi. Wewe mrefu kuliko mlango wa studio. Miaka saba sijakuona hata mara moja umepanda juu ya lile sanduku.

Nikaenda moja kwa moja Kombewa, begi mgongoni, matope kwenye nguo. Mama Dorka alikuwa amelitia sanduku mahindi ya mbegu. Nikamuuliza Mzee alilinunua lini. "Kununua?" akasema. "Lilitengenezwa mwaka uliokuja wewe. Kabla ya hapo alikuwa na mkoba wake wa turubai, mwepesi, mpaka leo upo. Alisema amepata msichana ana jicho, lakini hafiki."

Ana jicho lakini hafiki. Hayo uliweza kumwambia mkeo.

Mzee, ningebeba kigoda. Unanisikia? Kigoda cha jikoni, nikifunge kwa kamba mgongoni. Ningeazima ndoo. Boma gani lenye matanga halina ndoo? Unaigeuza, unapanda, unapiga, unashuka, unawarudishia. Wewe ukaona afadhali ubebe mbao begani miaka saba, na moyo wako umepanuka, kuliko kuniambia maneno matatu. Uliogopa nitaona haya? Mimi nimechekwa kwa urefu wangu tangu chekechea, haya ziliisha zamani. Au uliona raha kubeba? Ungeniuliza. Ulikuwa unauliza wajane wageni kama viatu vinawabana, ukashindwa kuniuliza mimi.

Na mimi nikakuambia ufe nalo. Na wewe, badala ya kunijibu, ukanikatia chapati.

Nilikaa pale mlangoni kwa Mama Dorka nikalia kwa hasira, kilio kibaya chenye makamasi, mpaka akaacha kunibembeleza akaenda kufungia kuku. Aliporudi nikamwambia yote. Neno lile, kina mama wa samaki, chapati, na picha za migongo. Nilidhani atanifukuza. Alikaa kando yangu, akasema chapati ile aliikuta mfukoni mwa koti lako siku ile ile ukitoka Mbita, na alipokuuliza ulisema ni ya Awuor, amekasirika, ataila kesho.

Hukuniletea kesho yake. Au uliileta nikawa bado nimenuna, sikumbuki, na hilo pia linanikera.

Mama Dorka akamwaga mahindi kwenye gunia, akaniambia nichukue sanduku. Nikakataa. Silibebi, Mzee, na wewe usitegemee kwamba nitalibeba. Limekula mtu mmoja, inatosha. Nimechukua kifuniko tu. Fundi seremala hapa nyuma amekikata kidogo, amekitia miguu minne inayokunjika, mifupi, na vile vipande vya mpira wa tairi nimemkataza asiviguse. Kikikunjwa kinakaa bapa nyuma ya begi, chini ya mikanda, na begi bado linaburutwa. Nimejaribu mara tisa hapa ndani. Mteja mmoja amenikuta nimesimama juu yake katikati ya studio, sina kamera wala chochote, akauliza kama japicha yuko. Nikamwambia, "Umemkuta."

Jumamosi nakwenda Mbita. Ni kumbukumbu ya mzee mmoja wa kanisa, watu watakuwa wengi. Nitapita mbele ya kina mama wale wale. Nikimwona yule wa karai nitamsalimia mimi kwanza, na nitamwambia kwamba neno lile nimelirudisha. Ninalirudisha hapa pia, mbele yako. Sikutaka ufe nalo. Nilitaka uliweke chini.

Kwenye feri nitakata chapati katikati. Halafu nitakula nusu zote mbili, kwa sababu bado nimekukasirikia, na kwa sababu nusu moja ni yangu ya siku nyingi.

Na tukimaliza mwaka, wakija wote Kombewa kukukumbuka, nitapiga umati wako upya. Nitaweka kifuniko chini, nitakifuta kwa mkono wa shati, na nitajiambia mwenyewe nipande. Mpaka wa nyuma kabisa kwenye ua watatoka, kila mmoja na uso mmoja. Hiyo ndiyo picha nitakayompa Mama Dorka.

Pumzika, Mzee. Mzigo wangu nimeuchukua, na mkono hautetemeki.

Mimi Awuor,
japicha.