Bikoni ya Saba Imeshuka

Jumanne, Newala. Ukungu haujaondoka tangu alfajiri na baridi imenikaa kifuani. Au ni woga.

Niko likizo nyumbani kwa mama. Kazi yangu iko mbali, nyanda za juu, kwenye visima vya majaribio vya jotoardhi. Maji ya moto yanatolewa chini kwa ajili ya umeme, nami napima kama ardhi ya juu inashuka. Tumefukia bikoni za zege kuzunguka visima; kila mwezi napima kimo cha kila moja.

Ya saba iko nyuma ya darasa la kwanza la shule iliyo jirani na visima. Kabla ya likizo niliikuta imeshuka upana wa kidole. Nikapima upya. Jibu lilelile. Injinia wangu akasema, "Hilo kosa la mashine. Utarudia ukitoka likizo."

Nikajibu, "Sawa, mkuu."

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Ndiyo sababu nilisema sawa.

Leo asubuhi, mama akiwa shambani anapulizia mikorosho dawa ya salfa, mwalimu mkuu wa shule ile akanipigia. Nikamwamkia.

"Marahaba, binti. Mlango wa darasa la kwanza haufungi. Fundi kaupiga randa mara mbili, bado unagoma. Sasa ukutani kuna ufa. Wewe ndiye unayepima hapa. Watoto waendelee kukaa humo?"

Nikasema nitampigia. Nikakaa jikoni karibu saa nzima, ukuta ule ukinijia kila nikifumba macho.

Halafu nikapiga. "Watoe, mwalimu. Sasa hivi. Ardhi hapo imeshuka. Nilijua kabla sijaondoka."

"Ulijua," akasema, polepole. Kisha nikamsikia akiwaita watoto watoke.

Wamehamia kanisani. Hakuna aliyeumia, ukuta bado umesimama. Mchana injinia alipiga kuuliza nani kaniruhusu kumwambia mwalimu. Nikasema hakuna, nikamtumia vipimo vyote viwili.

Kesho nakatisha likizo, napanda gari la Masasi, halafu Songea. Kuna bikoni nyingine mbili milangoni mwa watu, na naogopa kuziangalia.

Ila kupoteza kazi silo jambo linalonitisha zaidi. Wiki mbili watoto wale wamesoma chini ya ukuta ule, nami niko huku, nakula, nalala. Mwalimu asingepiga simu, ningesema lini?