Keza alitangulia kuchagua

Jumapili jioni

Keza sasa hivi amepanga vijiko kwa mustari nyuma ya sufuria ya kukingia mvua. Nimemuuliza anafanya nini. "Ninachagua, mama."

Na huyu mutoto ndiye ametuletea maneno, matata yote ya leo.

Leo burugumesitiri, mukubwa wa muji, alituita kiwanjani. Alisema haki ya maskini haitoki ofisini kwake. Mutu anayevujiwa ndiye anajua nani anafaa kugawa mabati ya msaada. Donc kila mutu asimame nyuma ya yule anayemutaka.

Walijitokeza wawili: Mama Aline, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na Mzee Karoli, mwenye nyumba yetu. Mabati ya msaada yalipita kwake mwaka jana, yakaishia kwa zizi ya ng'ombe zake kule Mudende. Zinalala pakavu kutushinda.

Watu walimuogopa mzee, hakuna aliyesogea. Keza akanitoka mukononi, akakimbia kushika kitenge cha Mama Aline, sababu huyo mama humupa sambaza. Nikaenda kumurudisha. Bon, sikuharakisha. Wanawake wakanifuata mumoja mumoja.

"Mutoto hahesabiwi," mzee akasema.

"Kweli," burugumesitiri akajibu. "Na mama yake? Yuko kwa mustari ao anapita tu?"

"Niko," nikasema.

Mama Aline ameshinda. Ninafurahi, lakini ninaogopa mzee atatufukuza.

Huyo mzee anagonga mulango. "Mama Keza, toka tuongee." Nitamuambia ni mutoto ndiye alichagua, mi nilimufuata tu, na kama anataka kumufukuza mutu, amufukuze huyo huyo asiyehesabiwa.