Kilo Hamsini na Moja za Mama

Jumatatu, 3 Machi

Itangazwe popote panapohusika: leo saa kumi jioni mimi, fundi cherehani, miaka arobaini na saba, nimenunua raba. Za michezo! Michezo gani, najua ila sitaki kuandika.

Jana mama aliteleza bafuni. Hakuumia, ila miguu yake siku hizi haimwinui. Nami nilishindwa kumwinua — ikabidi nimwite jirani, mama kajifunika taulo, kafumba macho kwa aibu. Kilo hamsini na moja tu! Kaka kasikia, kapiga simu: mwisho wa mwezi ujao anakuja kumchukua, eti mimi sina nguvu. Mama hataki kuondoka. Ananitazama tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimefika mlangoni pa jimu. Nikasoma bango la saa za kufungua, lote, mara mbili. Nikarudi. Maji nimeshayavulia nguo. Kuoga ndiko kugumu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeingia! Niliogopa kuchekwa. Hakuna aliyenitazama, kila mtu na kioo chake. Mimi ndiye niliyewatazama wao. Kocha wanamwita Kifua: juu inchi hamsini, chini miguu ya kuku. Suruali ile ningeipunguza nusu.

Kanipa chuma kitupu, kilo ishirini. Mara ya tatu macho yakaingia giza.

— Mama fundi, mbona hupumui?

Kumbe! Miaka ishirini na mitano nashona na pini mdomoni. Kazi ikiwa ngumu midomo inajifunga yenyewe. Nikamweleza.

— Basi tema pini, mama! Tema!

Jimu zima likacheka. Nami nikacheka. Nilichokiogopa ndicho hicho, na sikufa.

Jumamosi, 5 Aprili

Kilo thelathini na tano. Mama anauliza mbona natembea kama bata. Mapaja, nikamwambia. Akasema nisimtangulie kuzeeka.

Alhamisi, 24 Aprili

Hamsini na tano! Mara tano! Lakini chuma hakiogopi, wala hakikukabi shingo. Nikamwomba mama tujaribu nyumbani. "Sasa mimi gunia?" Akakubali. Mara ya kwanza alining'ang'ania nywele. Ya pili tukasimama wote wawili, tukabaki tunatazamana.

Jumapili, 27 Aprili

Kaka kaja na sanduku tupu la kutilia nguo za mama. Sikubishana. Nikachuchumaa, nikamkumbatia mama, nikatoa pumzi — juu! Kutoka kitini mpaka kitandani.

— Umeona? mama akamwambia. Sanduku rudi nalo.

Kaka akasema hiyo si ajabu, hata yeye anaweza. Nikamwambia kunja magoti. Akasema mdogo wake hamfundishi kuinama. Akainama, magoti yamenyooka kama mkasi. Mama hakupanda hata inchi. Ikasikika "ko!" Mgongo wa kaka.

Sasa kalala chali kwenye kochi langu, hageuki huku wala huku. Mama kampa mto. Kaka anaomba apelekwe chooni.

Ana kilo mia na kumi.