Moshi wa Baba

Jumatano, 20 Agosti

Picha ya setilaiti ya leo nayo ni safi. Moshi wa mapori yanayoungua bara umesogea mbali kusini, na juu ya Unguja hapana hata utando. Wiki iliyopita ulikuwepo kweli, na kwa kuwa kazini, hali ya hewa, mimi ndiye ninayeufuatilia, baba alikuwa akiniuliza kila jioni, "Moshi wenu huu utaondoka lini? Mnara wa msikiti siuoni."

Leo kaniuliza tena. Tulikuwa roshani, sisi wawili.

"Baba, umeshaondoka. Mnara mimi nauona mpaka vipaza sauti vyake."

"Basi hiyo mitambo yenu ipelekeni kwa fundi."

"Nadhani ni macho, baba."

"Nnajua, mwanangu. Lakini moshi huja ukaenda zake. Ndiyo maana nikaushikilia."

Naogopa ni mtoto wa jicho. Naogopa zaidi kama si huyo, maana mtoto wa jicho hutolewa, na hayo mengine...

Nimemwomba twende hospitali kesho asubuhi. Kakubali, ila mama asijue mpaka turudi.

Ilipoadhiniwa Magharibi tukashuka ngazi, akanishika bega. Baba huyu, ambaye hata kikapu cha sokoni hakubali nimpokee. Nilishuka polepole, nikilalamika kwamba miguu inaniuma, naye akaniambia nisiwe na haraka, yeye atanisubiri.